Sikio Hutangulia Mkono



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za malezi, za ndoa, za shamba na za kazi ya usharika. Mwezi huu nataka tutafakari pamoja jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, yaani kazi ya kujifunza kupiga chombo cha muziki, kiwe ngoma au ikembe, inanga au gitaa, kinanda au tarumbeta. Maswali yangu ni mawili. La kwanza: Kwa nini kazi hii, ambayo watu huiita mchezo, humpa mtu furaha nyingi na uchungu mwingi kwa wakati mmoja? La pili: Je, ni vema mtu aendelee na kazi ambayo pengine hataiweza barabara mpaka mwisho wa maisha yake?

Wako watakaosema ya kuwa haya si mambo ya kuwasumbua watu wazima. Lakini tuangalie yanayotendeka katika sharika za ufuoni kwetu, toka Kigoma mjini na Ujiji hata vijiji vya wavuvi. Mara nyingi mtu mmoja tu ndiye ajuaye kupiga kinanda. Akisafiri, watu huimba bila chombo. Tarumbeta zimelala kabatini, kwa kuwa waliojifunza wamehama, nao waliobaki waogopa kuchekwa. Wazee wajuao inanga wanapungua, na vijana hawaketi nao. Wala si kwamba watu hawapendi muziki, waupenda sana. Ila wengi walijaribu, wakauonja uchungu wa miezi ya kwanza, wakadhani ya kuwa uchungu ule ni dalili ya kukataliwa. Nami nataka kuonyesha ya kuwa dalili ile wameisoma vibaya.

Tuanze na vyombo vyenyewe, maana kila chombo kina namna yake ya kumjaribu mtu.

Inanga yajulikana kwa Waha na kwa ndugu zao Warundi, nao Wahaya wa Bukoba wana enanga yao. Ni ubao uliochimbwa mfano wa mtumbwi mfupi usio na kina, na juu yake kamba moja hupitishwa toka ncha hata ncha, ikienda na kurudi juu ya meno yaliyochongwa, hata zikawa nyuzi saba au nane au zaidi. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya mishipa ya ng'ombe. Kwa kuwa kamba ni moja, anayeukaza uzi huu aweza kuulegeza wa jirani. Basi mwanafunzi hukaa muda mrefu akitengeneza sauti kabla hajapiga wimbo wo wote, na akiisha kuutengeneza mmoja, wa pili umekwisha kupotea. Hapo ndipo wengi hukasirika, wakaiweka chini.

Walakini inanga ina fundisho lingine. Sauti yake ni ndogo. Kwa hiyo huko Burundi wapigaji wengine hawaimbi kwa sauti kuu, bali huyanong'ona maneno yao, nayo inanga huyabeba. Na kwa kuwa mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, msikilizaji huona kana kwamba nyuzi zenyewe ndizo zinenazo. Uimbaji wa namna hii ulirekodiwa huko mwaka 1967, ukasikiwa hata Ulaya. Mpigaji wa namna hiyo alipaswa kwanza kujifunza kuipunguza sauti yake mwenyewe, ili chombo kisikiwe. Mtu aishikaye inanga ili yeye asikiwe hataipata siri yake.

Ikembe, ambayo ng'ambo ya ziwa katika Kongo huitwa likembe, ni kisanduku chenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, vipigwavyo kwa vidole gumba. Wajuzi wa mambo haya hueleza ya kuwa ilitoka pande za Kongo ya chini, ikaja mashariki pamoja na wapagazi na wafanya kazi, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ukitaka sauti ipande, chuma husukumwa kiwe kifupi. Ukitaka ishuke, huvutwa kiwe kirefu. Neno hili ni rahisi kulisema, lakini vyuma husogea kwa kupigwa, na vidole vya mwanafunzi huuma. Furaha yake nayo ni ya ajabu. Kidole cha kulia kina njia yake, cha kushoto kina yake, na njia hizo mbili zikikutana husikika wimbo wa tatu, ambao hakuna kidole kilichoupiga. Siku mwanafunzi ausikiapo wimbo ule kwa mara ya kwanza, hudhani mtu mwingine ameingia nyumbani.

Kinanda cha miguu, ambacho wamisionari walikileta, kina undugu na ikembe kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake mna ndimi za chuma vilevile, ila hutikiswa na upepo wa mivukuto wala si kwa kidole. Adui zake ni unyevu, mchwa na panya. Mbao huvimba wakati wa mvua, vibao vya kupigia vikashikana. Panya naye akitoboa mivukuto, pumzi yote hutoka. Mpigaji aweza kuwa amejiandaa juma zima, akakuta Jumapili asubuhi chombo chake hakitaki kusema. Ngoma nayo, ngozi yake hulegea kwa mvua, ikahitaji kupashwa moto au kuanikwa juani. Tarumbeta kwa kawaida ina vibonyezo vitatu tu, walakini sauti zake ni nyingi, maana tofauti hufanywa na midomo, na kazi ya midomo haionekani kwa macho. Mwanafunzi hubonyeza kama alivyoelekezwa, ikatoka sauti nyingine kabisa, na watoto walio dirishani hucheka. Hata hivyo watu wa kawaida wameiweza. Johannes Kuhlo (1856–1941), mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alijulikana sana kwa kuvikuza vikundi vya tarumbeta makanisani, navyo havikuwa vya mafundi wa kulipwa, bali vya washarika waliokutana jioni baada ya kazi zao.

Basi tumeviona vyombo. Sasa tuitafute sababu ya uchungu wenyewe. Mtu ajifunzapo kushona, jicho lake na mkono wake huanza pamoja, wala hajui bado mshono mzuri ulivyo. Katika muziki sivyo. Sikio limejifunza tangu utoto: mama alipombembeleza mtoto, ngoma zilipolia arusini, kanisa lilipoimba. Kijana wa miaka 20 ana sikio la miaka 20, bali mkono wake juu ya nyuzi una umri wa siku tatu. Mtu mzima na mtoto mchanga wamefungwa nira moja. Sikio ladai, mkono hauwezi, na yule aliye katikati yao huona haya.

Tena uchungu huo hauishi upesi kama watu wanavyotumaini. Mkono ukikua, sikio nalo halikai kulingojea jembe la jirani, laendelea mbele. Aliyepiga mwaka mmoja husikia makosa ambayo mwezi wa kwanza hakuyasikia kabisa. Aliyepiga miaka 10 husikia makosa ambayo hakuna mwingine ayasikiaye kanisani, naye hutoka mlangoni amehuzunika huku watu wakimpongeza. Kwa sababu hiyo fundi hujiona yu mbali na mwisho wa safari kuliko mwanafunzi anavyojiona. Uchungu wa kusikia kosa lako basi hauthibitishi kwamba huna kipawa. Wathibitisha kwamba sikio lako li hai. Wa kuonewa wasiwasi ni yule apigaye vibaya naye aridhika, maana sikio lake limelala.

Mwalimu mmoja wa kitongoji, ajifunzaye kinanda, aliniuliza siku moja, "Mchungaji, kama sikio litatangulia siku zote, furaha itakuja lini? Je, si sawa na kukimbiza kivuli?"

Nikamwuliza, "Mwalimu, ule mstari mmoja uliokuwa ukiurudia jana, ulipopita mara moja bila kukwama, ulikuwa umefika wapi?"

Akacheka, akasema, "Sikufika po pote, Mchungaji, lakini nilifurahi sana."

Naona jibu limo katika maneno yake mwenyewe. Furaha ya mpigaji haingojei mwisho wa safari. Huja mara kwa mara njiani, mkono ufikapo mahali ambapo sikio lilikuwapo jana. Huwa ni kitambo kidogo, kisha sikio huondoka tena. Lakini kitambo hicho hakikopwi wala hakinunuliwi, na aliyekionja hukitambua. Waalimu wa muziki wajua tena ya kuwa njia ya kukipata ni kupiga polepole, sehemu ndogo ndogo, kisha kulala. Mtu akwamaye jioni huamka akaona vidole vimekumbuka jambo ambalo usiku ule vilikataa. Mwenye haraka hujifunza makosa yake kwa bidii, kisha hana budi kutumia muda mrefu zaidi kuyasahau.

Habari za Albert Schweitzer zatusaidia hapa. Alikuwa mchungaji na mwalimu wa chuo kikuu huko Strasbourg, tena mpiga kinanda kikubwa cha kanisa, aliyejulikana Ulaya kwa kuzipiga kazi za Johann Sebastian Bach. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, katika nchi ya Gabon, awe tabibu wa wagonjwa. Chama cha Bach cha Paris, alichokuwa akikipigia kinanda, kilimpa piano iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, yenye kanyagio za miguu kama za kinanda cha kanisa. Yeye mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa mwanzoni alidhani kazi yake ya muziki imekwisha, akaona ni afadhali aache mikono na miguu isahau, ili uchungu wa kuachana nayo upungue. Lakini jioni moja, alipokuwa akipiga wimbo mmoja wa Bach, alitambua ya kuwa saa zake chache za faragha zaweza kutumika kujifunza upya, kwa utulivu, pasipo haraka ya kuwapigia watu. Akaanza kuzichukua kazi zile moja moja, akijifunza kila moja mpaka sehemu yake iliyo ndogo kabisa, akaziweka moyoni. Mtu aliyekwisha kusifiwa katika miji mikubwa alikuta furaha mpya mahali pasipokuwa na wa kumsifu. Twajifunza ya kuwa sifa ni kitu kimoja, na furaha ya kupiga ni kitu kingine, ingawa mara nyingi hutembea pamoja na watu wakazidhani kuwa ni moja.

Sasa nisikie sauti za wapingao, maana hoja zao si za upuuzi.

Wa kwanza husema, "Muda ni mali. Watoto wataka chakula na karo, nawe wacheza na nyuzi?" Neno hili lina uzito. Mtu aachaye nyumba yake ilale njaa kwa ajili ya gitaa hana udhuru, hata akipiga vizuri namna gani. Lakini tuwatazame wavuvi wetu. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa wakati wa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa, wakishona nyavu na kupumzika. Hakuna awaitaye wavivu siku zile. Kila kazi ina mbalamwezi yake. Tena chombo hakidai siku nzima. Robo saa kila siku hufaa kuliko kutwa moja kwa mwezi, kwa maana mkono ni kama mtoto: hushiba kidogo kidogo, nao ukilishwa vyote kwa mara moja hutapika.

Wa pili husema, "Ajifunzaye huwaudhi jirani." Ni kweli. Tarumbeta ya mwanafunzi haina rafiki saa tano ya usiku. Upendo wamtaka achague saa, afunge dirisha, au aende kupigia ufuoni, ambako mawimbi hayana malalamiko. Lakini upendo una madai kwa jirani pia. Watu hunena, "Ngoma ya watoto haikeshi," nao husema kweli kwa usiku ule mmoja. Hata hivyo wale wakeshao leo, ambao watu hutoka mbali kuwasikiliza, ngoma yao ya kwanza ilikuwa ya watoto, na mtu fulani aliivumilia. Kila mpigaji tunayemfurahia ana deni kwa jirani ambaye jina lake halijulikani, aliyesikia wimbo mmoja uliovunjika kwa muda wa mwaka mzima asirushe jiwe juu ya bati.

Wa tatu husema, "Mimi sina kipawa. Waachie wenyewe." Hili ndilo neno lililovifunga vyombo vingi kabatini. Sikatai ya kuwa vipawa hutofautiana. Mmoja hupata kwa wiki kile ambacho mwenzake hukipata kwa mwaka, wala haifai kudanganyana. Lakini tuzitazame ngoma kubwa za Burundi, zile za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Katikati husimama inkiranya, ambayo huongoza. Ziko ibishikizo, ambazo huifuata. Tena ziko amashako, ambazo hushika mdundo mmoja usiokoma. Mgeni humtazama aliye katikati, arukaye na kucheza, wala hamwoni wa amashako. Lakini mdundo ule ukikatika, anayeruka hana tena mahali pa kukanyaga. Mwenye kipawa kidogo ana nafasi yake pale, nayo si nafasi ya huruma. Kushika mdundo mmoja bila kuharakisha kwa majivuno wala kulegea kwa uchovu ni kazi imshindayo hata fundi asiye na subira.

Liko na neno la nne, la siku hizi. Husemwa, "Kinanda cha umeme chaweza kupiga mdundo chenyewe, ukibonyeza mahali pamoja ngoma, gitaa na tarumbeta zote hulia, wala hakikosei. Ya nini kuteseka?" Mimi sikilaumu kinanda hicho. Humsaidia mwanafunzi kuujua mwendo, na katika usharika usio na mpigaji chafaa. Lakini kina upungufu mmoja: hakina sikio. Bibi mzee wa benchi la pili akiishiwa na pumzi katikati ya ubeti, mashine haimngojei. Watu wakiimba kwa huzuni siku ya mazishi, mashine huendelea na mwendo ule ule wa arusi, mpaka mtu aizime. Mpiga ngoma mwenye sikio humsikia yule bibi, akapunguza kidogo, na kanisa zima likapumua pamoja naye, wala hakuna ajuaye ni nani aliyelifanya.

Hapo naona tumelifikia jibu la swali la pili. Ni vema mtu aendelee, hata kama hatakuwa fundi mkuu, kwa sababu ya kitu kinachotendeka ndani yake wakati mkono wake unapochelewa. Yule ambaye miaka mingi amelisikia kosa lake mwenyewe kabla ya kulisikia la mwenzake hujifunza kuwa mpole. Ajua kwa vidole vyake umbali uliopo kati ya kulijua jema na kuliweza. Mtu wa namna hiyo akimsikia mtoto akikosea, hacheki. Akimsikia mwenzake akitangulia, hapigi kwa nguvu zaidi ili amfunike, bali humtafuta mpaka waende pamoja. Sikio lililokua kwa kujihukumu hufaa mwishowe kwa kuwasikiliza wengine. Nisingalisema ya kuwa kila mpigaji amekuwa hivyo, maana twawajua mafundi wenye majivuno. Ngoma ivumayo haidumu, nao wengine hupasuka. Lakini mlango umefunguliwa kwa kila ashikaye chombo, na aingiaye hapati hasara.

Tukumbuke habari ya Daudi, aliyeitwa kumpigia kinubi mfalme Sauli alipotaabishwa rohoni. Kitabu hakitusimulii siku za kujifunza kwake, lakini hakuna mtu azaliwaye akizijua nyuzi. Zilikuwako siku ambazo kinubi kile kililia vibaya. Tena alipofika nyumbani kwa mfalme, hakuwekwa mbele ya mkutano ili asifiwe. Aliketi karibu na mtu mmoja mgonjwa, akapiga mpaka yule akaburudika. Kazi ile haikuhitaji vidole tu. Ilihitaji sikio la kumsikia mgonjwa.

Basi, ndugu zangu, na hasa ninyi walimu wa vitongoji, nawaombeni mambo machache. Kabati la tarumbeta lifunguliwe, na funguo wapewe vijana wawili au watatu walio tayari kuchekwa. Anayejua kinanda amfundishe mwingine kabla hajahama, naye akubali kusikia wimbo ukiharibika mbele ya watu Jumapili kadhaa. Mwenye babu ajuaye inanga au ikembe na aende kuketi naye katika siku za mbalamwezi, achukue chombo mkononi wala asirekodi tu kwa simu, maana simu hutunza sauti, bali haiwezi kutunza mkono. Na mtu akikosea ibadani, asiwepo atakayegeuka kumtazama. Yeye amekwisha kusikia kabla yenu.